Nani Amepima Akili ya Mtoto?
Historia fupi kwa mapadri, waseminari na makatekista

Kila mwaka sisi mapadri na makatekista tunaketi mbele ya watoto na kuwapima. Tunawaita mmoja mmoja: sakramenti ni ngapi, nani aliweka Ekaristi, dhambi ya asili ni nini. Anayejibu anapita, asiyejibu anarudishwa nyuma. Kazi hii tunaifanya upesi, kwa maana watoto ni wengi na siku ni chache. Lakini ni mara ngapi tumejiuliza kama tunajua kweli kitu gani tunachopima?

Sisi tulijiuliza swali hilo kwa kuchelewa, huko Katoyi. Katoyi ni kartie ya komini ya Karisimbi, mjini Goma. Nyumba zake za mbao zimesongamana juu ya mawe meusi ya volkano, na asubuhi na mapema watoto wanabeba bidoni za maji kabla ya kwenda masomo. Kati ya watoto wa mafundisho ya dini alikuwako mvulana wa miaka kumi na miwili, ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa amerudishwa nyuma mara mbili, na mara ya pili tulimrudisha sisi wenyewe. Aliketi siku zote karibu na mlango, akitazama nje. Ukimwuliza neno, alijibu neno jingine, ama alinyamaza kabisa. Katekista alisema ni mtukutu. Mwalimu wake wa kalasi alisema ni mjinga. Mama yake alikuwa amechoka kusikia hayo, akatuambia: « Padri, mutoto uyu hana kichwa ya masomo. Mumuache tu. » Nasi tuliyapokea maneno hayo kama hukumu iliyokwisha kukatwa.

Kabla hatujasema mambo ya mvulana huyo yaliishia wapi, tutazame kwanza historia. Maana kosa letu lina wazee wake, na ni vema kuwajua.

I. Kipimo cha Eklezya

Wamisionari waliotuletea Injili hawakuwa na haraka ya kubatiza. Tangu mwaka wa 1879 Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliwaagiza wana wake wawafundishe watu miaka minne: miwili ya kwanza ya kuomba na kujaribiwa, miwili ya pili ya ukatekumeni. Nia yake ilikuwa kuona kama moyo wa mtu umegeuka na kama mwenendo wake unafuata. Lakini sote tunajua jambo linalotokea: moyo haupimiki upesi, maneno hupimika upesi. Ndiyo maana mara nyingi mtihani wa katekisimu unaishia kupima kumbukumbu tu.

Huko Ulaya mambo hayakuwa bora. Katika nchi nyingi mtoto alingojea Komunyo ya kwanza hata miaka kumi, kumi na miwili, kumi na minne, kwa hofu kwamba hajaelewa vya kutosha. Basi tarehe 8 Agosti 1910, kwa amri ya Papa Pius wa 10, Roma ilitoa hati iitwayo Quam singulari. Hati hiyo ilisema kwamba umri wa kutambua ni karibu mwaka wa saba, ama mbele kidogo ama nyuma kidogo. Ilisema tena kwamba mtoto halazimiki kujua mafundisho yote kwa ukamilifu: inatosha ajue mafumbo ya lazima kwa kadiri ya akili yake, na atofautishe mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida.

Tuyashike maneno haya: « kwa kadiri ya akili yake ». Eklezya haikuondoa kipimo. Iliagiza tu kwamba kipimo kimfuate mtoto. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, katika kanuni ya 777, inamwagiza paroko aangalie kwamba walemavu wa mwili au wa akili nao wapate mafundisho ya dini, kadiri hali yao inavyoruhusu. Hiyo ni wajibu wa paroko.

II. Kipimo cha masomo

Wakati huohuo, swali hilihili lilikuwa likisumbua walimu wa Ulaya. Mwaka wa 1882 Ufaransa ilitoa sheria ya kulazimisha watoto wote kusoma. Zamani mtoto aliyeshindwa alibaki nyumbani au shambani, wala hakuna aliyemwona. Sasa wote waliingia kalasini, na walimu wakaona kwamba watoto hawashindwi kwa namna moja.

Mwaka wa 1896 munganga wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka kumi na minne aliyeitwa Percy. Kijana alikuwa na akili nyepesi, hesabu aliziweza, macho yake yalikuwa mazima. Lakini maneno yaliyoandikwa hakuweza kuyasoma, ingawa alifundishwa miaka mingi. Mwalimu wake alishuhudia kwamba, kama mafundisho yangekuwa ya mdomo tu, Percy angekuwa mbele ya wenzake wote. Mwaka wa 1902 munganga mwingine, George Still, alieleza mjini London habari za watoto wasioweza kutulia wala kukaza fikira, ingawa hawakukosa akili. Leo magonjwa hayo yana majina yake, nao wanganga wanayajua vizuri zaidi. Lakini tangu siku zile jambo kubwa lilikwisha kuonekana: kushindwa kusoma ni jambo moja, kukosa utulivu ni jambo jingine, kukosa akili ni jambo la tatu. Anayeyachanganya anamwonea mtoto.

Mwaka wa 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta njia ya kuwatambua watoto wanaohitaji mafundisho ya namna yao. Alfred Binet, pamoja na munganga Théodore Simon, akatoa mwaka wa 1905 kipimo cha maswali thelathini, kuanzia mepesi mpaka magumu: kufuata mwanga kwa macho, kurudia tarakimu, kueleza tofauti ya vitu viwili. Mwaka wa 1908 aliyapanga maswali kwa miaka ya mtoto.

Binet alitaka nini? Hakutaka kumbandika mtoto alama ya maisha. Alitaka kujua ni nani asaidiwe, na kwa njia gani. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1909 aliwakemea wale waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokatwa, kisichoweza kuongezeka. Yeye alisadiki kwamba akili inazoezwa, kama vile mguu dhaifu unavyozoezwa kutembea. Mwaka uleule sheria ya Ufaransa ikaruhusu kalasi za pekee kwa watoto hao. Binet akafa mwaka wa 1911.

III. Kipimo kinageuka fimbo

Kipimo cha Binet kilivuka bahari, na huko nia yake ikageuzwa. Katika Marekani, Henry Goddard alikipeleka mpaka kwenye kisiwa cha Ellis, mahali walipofikia wahamiaji waliochoka kwa safari na wasiojua lugha, akasema wengi wao ni wapungufu wa akili. Wakati wa vita vya kwanza, askari zaidi ya milioni moja na nusu walipimwa kwa makundi. Namba zikawa kama hukumu ya damu na kabila.

Matunda yake yalikuwa machungu. Mwaka wa 1927 mahakama kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limkate uzazi msichana Carrie Buck, eti kwa sababu yeye na mama yake, hata na mtoto wake mchanga, walikuwa wapungufu wa akili. Baadaye wachunguzi walipofunua karatasi za zamani, waliona kwamba Carrie alikuwa amefaulu vizuri masomoni, na kwamba binti yake naye alisifiwa na walimu wake kabla hajafa angali mdogo. Mnamo tarehe 31 Desemba 1930 Papa Pius wa 11, katika waraka wake Casti connubii, alikataa wazi kwamba serikali ina mamlaka ya namna hiyo juu ya miili ya watu wasiokuwa na kosa. Ndugu, tuone fahari kwamba sauti hiyo ilisikika. Lakini tukumbuke nasi kwamba jambo lote lilianza na maneno kama yale ya Katoyi: « Mtoto huyu hana kichwa. »

IV. Na katika Kongo?

Katika mwaka uleule wa 1910, mwaka wa Quam singulari, mseminari kijana wa Marungu, karibu na ziwa Tanganyika, alianza kutolewa katika gazeti la Ubeljiji. Ni Stefano Kaoze. Maandiko yake yalihusu roho ya Wabantu: akili yao, moyo wao, desturi zao. Wazungu wengi waliandika wakati ule juu ya akili ya mtu mweusi wakiitazama kwa mbali. Huyu aliisema kwa ndani. Mnamo tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri huko Baudouinville, naye ndiye padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu. Kwetu sisi waseminari wa jana na wa leo, habari hii si ndogo. Mtu wa kwanza wa nchi yetu kuchapisha maandiko ya mawazo kwa Kifaransa alichagua kueleza jambo hilo: sisi nasi tuna akili, na hivi ndivyo inavyofanya kazi.

Baada ya vita vya pili wakaja wapimaji wa kazi. Makampuni yalihitaji kuchagua watu wa mashine. Huko Katanga, Union Minière ilikuwa na kituo chake cha mambo ya akili na malezi. Mwalimu mkuu André Ombredane, wa chuo kikuu cha Brussels, alizunguka Kongo na michoro ya kipimo kilichotungwa na Mwingereza Raven mwaka wa 1938: mtu anaonyeshwa mchoro uliokatwa kipande, naye achague kipande kinachofaa. Wengi walipata alama za chini.

Mtu mwepesi angeishia hapo na kusema: « Mmeona! » Ombredane na wenzake hawakuishia hapo. Waliwapa watu walewale kipimo kilekile mara ya pili, na mara ya tatu. Alama zikapanda. Laroche alifanya vivyo hivyo kwa watoto wa Katanga, akaona vilevile. Kumbe mara ya kwanza kipimo hakikupima akili peke yake, kilipima na ugeni: ugeni wa karatasi, wa mchoro, wa Mzungu anayetazama saa. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 1956. Ni somo kubwa lililopatikana katika nchi yetu wenyewe, nasi hatulifundishi.

V. Majirani zetu wametuonyesha nini

Robert Serpell, aliyefundisha miaka mingi katika Zambia, aliwapa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, kazi moja: kuiga umbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester waliwashinda wenzao. Kwa waya, watoto wa Lusaka waliwashinda wa Manchester, maana wamezoea kutengeneza motokari za waya. Kwa udongo wa mfinyanzi, walikuwa sawa. Habari hiyo ilitolewa mwaka wa 1979. Nani kati yetu hajaona watoto wa Goma wakiunda chukudu ndogo kwa vipande vya mbao, pasipo kufundishwa na mtu?

Huko Usenge, katika Kenya, kwenye ukingo wa ziwa Viktoria, wachunguzi waliwapima watoto 85 wa Kiluo, wenye miaka 12 mpaka 15. Waliwauliza juu ya miti ya dawa ya kienyeji, kisha wakawapa vipimo vya maneno kama vya masomo. Matokeo ya mwaka wa 2001 yaliwashangaza: waliojua zaidi miti ya dawa walielekea kupata alama chache katika vipimo vya maneno. Wachunguzi walifikiri kwamba jamaa nyingine huelekeza mtoto kwa kazi ya nyumbani, nyingine kwa masomo. Na Waluo wenyewe, walipoulizwa akili ni nini, walitoa maneno manne, si moja tu: rieko, ambayo ni ujuzi, luoro, ambayo ni heshima, winjo, ambayo ni kuelewa, na paro, ambayo ni kufikiri na kuanza jambo. Kipimo cha masomo kinagusa mojawapo tu.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wanganga walitaka kujua malaria inayopanda kichwani inamwachia mtoto madhara gani. Hawakuchukua kipimo cha Ulaya na kukitafsiri tu. Walitunga na kujaribu vipimo kwa lugha ya watoto na kwa vitu wanavyovijua, wakawazoeza watoto kwanza kabla ya kuwapima. Hapo ndipo waliweza kutambua mtoto aliyeumizwa kweli na ugonjwa.

Maana, ndugu, tusianguke upande wa pili na kusema kwamba vipimo vyote ni uongo. Kuna watoto walioumia kweli, na kipimo kizuri kinawafunua. Mfano mmoja ni wa kwetu. Huko Kahemba, katika nchi ya Kwango, kuna ugonjwa wa konzo, unaofunga miguu ya mtoto ghafla, wala haiponi tena. Unatoka katika muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, watu wanapokula huo tu bila chakula kingine chenye nguvu. Mwaka wa 2013 wachunguzi wa Kongo na wa Marekani walitoa matokeo yao: watoto wenye konzo walipungukiwa katika vipimo vya akili, lakini hata majirani zao, ambao miguu yao ilikuwa mizima, walipungukiwa kuliko watoto wa kijiji kisicho na konzo. Hakuna aliyekuwa akiwaona hawa. Walitembea, walicheza, labda walipigwa kwa uvivu. Na mwaka wa 2011 konzo iliandikwa hata katika Kivu ya Kusini, penye vita na njaa. Tena ulinzi wake ni rahisi: kulowesha unga wa muhogo kwa maji, kuutandaza mwembamba, na kuuacha juani saa mbili ama kivulini saa tano kabla ya kusonga bugali. Kipimo kilichofanywa vema kilifungua njia ya kuwakinga watoto.

VI. Turudi Katoyi

Tazameni sasa hali ya mtoto wa Goma. Nyumbani pengine anasema Kinande, Kihunde au Kinyarwanda, barabarani Kiswahili, na kitabu kinamsemesha Kifaransa. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya leta hayalipiwi, na hilo ni jambo jema. Lakini kalasi zimejaa, na mwalimu hawezi kumjua kila mtoto. Ni jambo lilelile la Ufaransa ya 1882. Kisha mtoto huyu, ama wazazi wake, wamepita katika moto wa Nyiragongo wa Januari 2002 na wa Mei 2021, na katika vita vilivyoingia mjini mwezi wa Novemba 2012 na tena mwezi wa Januari 2025. Mtoto aliyelala chini ya kitanda kwa kuogopa risasi atakazaje fikira zake asubuhi? Kutotulia kwake si utukutu.

Basi, kabla ya kusema mtoto hana akili, tufuate utaratibu ambao historia imetufundisha.

Kwanza, tutazame mwili: anasikia? anaona? amekula? amelala? alipata kuugua malaria ya kichwa au degedege? Hapo tumtume lopitali, tusingoje.

Pili, tutazame lugha: tumwulize tena kwa lugha ya mama yake, kwa kinywa cha mtu asiyemwogopa.

Tatu, tutazame njia: kama hasomi, asikilize, kama hasemi, achore ama aonyeshe kwa mkono. Tumjaribu mara ya pili na ya tatu, kama walivyofanya wale wa mwaka wa 1956.

Nne, tutazame nyumba: nani amekufa, nani amekimbia, mtoto anaishi na nani.

Baada ya hayo, kama shida inabaki, tuwaite wenye ujuzi. Wafrere wa Karidadi wanatunza wagonjwa wa akili huko Bukavu, katika SOSAME, na hapa Goma, katika Tulizo Letu; hao wanajua kushauri. Na mtoto mwenye upungufu wa kweli asifukuzwe kwa sababu hiyo. Quam singulari inamngojea mlangoni.

Na yule mvulana? Siku moja sista muuguzi alipita katika mafundisho kwa jambo jingine. Akamwona ameketi mlangoni. Akasimama nyuma yake, akapiga makofi. Watoto wote waligeuka, yeye hakugeuka. Tangu utoto masikio yake yalitoa usaha. Wakubwa waliona ni jambo dogo. Alikuwa akitazama nje kwa sababu ndani hakukuwa na kitu cha kusikia, na alijibu neno jingine kwa sababu alikuwa akikisia kwa midomo yetu. Miaka mitatu alikuwa akifanya kazi ya akili ambayo hakuna mmoja wetu angeiweza, nasi tulimwita mjinga.

Alitibiwa. Sikio moja lilipata nafuu, la pili halikupona. Tulimketisha mbele, upande wa sikio zuri, na katekista akajifunza kusema akimtazama usoni. Hakuwa wa kwanza wa kalasi, tusitunge hadithi. Bado anapata taabu kusoma, kwa sababu miaka iliyopotea hairudi upesi. Lakini kabla ya Pasaka tulimwuliza, polepole na karibu, kama anajua ni nani tunayempokea katika Komunyo. Akajibu kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiosikia vizuri, hata wenzake wakacheka: « Ni Yezu. »

Tulikwenda nyumbani kumwomba mama yake msamaha. Alitutazama sana, kisha akasema: « Padri, na wale wengine wenye mulirudisha? »

Ndugu wasomaji, swali hilo hatujamaliza kulijibu. Tumefungua daftari la miaka iliyopita, na tunatafuta majina, moja moja. Tunawaomba nanyi, kila mmoja katika parokia yake, mfungue lenu.